Sura ya Tano: Nazi, Mbaazi na Bei ya Moto

Chakula kingi cha Afrika Mashariki huingilia Kilindini. Ngano hushushwa kutoka melini ikajazwa kwenye maghala marefu ya nafaka, kisha malori huipakia kuelekea Nairobi, Kampala na Kigali. Mchele wa Pakistani hupitia gati hizo hizo. Mafuta ya mawese ya Indonesia na Malaysia huja kwa meli za matangi, na mengi husafishwa kwenye viwanda vya hapa hapa Mombasa. Ukitoka bandarini ukaingia Majengo, au ukakata hadi Bondeni na Kibokoni, utakuta mama wa watoto wanne anapimiwa mafuta hayo hayo kwa kikombe kidogo, unga kwa robo, makaa kwa mkebe. Amekaa hatua chache na maghala, na kwa kila kilo analipa zaidi ya yule anayekula chakula hicho mbali na hapa lakini ana pesa za kununua mfuko mzima.

Sura hii nimeiandika kwa ajili ya nyumba hiyo: watu sita, chumba kimoja au viwili, na pesa zinazoingia siku kwa siku. Sina mapishi mageni ya kuileta. Mapishi ya pwani yana chakula cha kutosha, kitamu, chenye lishe, na kisichohitaji fedha nyingi. Kinachoivunja nyumba hiyo mgongo ni vitu viwili visivyoonekana kwenye sinia: moto wa kupikia na kipimo cha kununulia. Nitaanza na chungu chenyewe, kisha nivirudie hivyo viwili.

Chungu cha kwanza ni cha mbaazi. Mombasa nzima inazijua, za asubuhi kwa mahamri na za jioni kwa wali au sima, na kwa sababu zimezoeleka watu huzidharau, wakazihesabu kama kitu cha kujishikiza mpaka chakula cha maana kipatikane. Hesabu ya lishe haikubaliani nao. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takriban gramu 22 za protini. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe, steki tupu, zina takriban gramu 20. Tena kilo ya mbaazi ikichemka huvimba ikawa zaidi ya kilo mbili, na kilo ya nyama husinyaa. Upungufu wa mbaazi ni kwamba protini yake peke yake haijatimia, kama ambavyo ya nafaka peke yake haijatimia, ila kila moja ina kile ambacho mwenzake hana. Mbaazi kwa wali, pojo kwa chapati, kunde kwa sima: mtoto anayekula hivyo kila siku na mboga za majani pembeni hajanyimwa protini kwa kukosa nyama.

Kwa watu sita nusu kilo yatosha. Usiku zichague mawe, zioshe, uziroweke kwa maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo na uteleke kwa maji mapya. Hapa pana jambo la Mombasa hasa, nalo ni aina ya maji. Visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa na chumvi. Mbaazi zinazochemshwa kwa maji ya kisima hukaa motoni hadi mtu akate tamaa, na ganda likabaki gumu. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima lilijengwa miaka ya 1950, na mji wa leo umelizidi mbali, kwa hiyo nyumba nyingi hazina budi kununua maji kwa mwenye mkokoteni. Hata hivyo maji ya kuchemshia kunde yawe ya bomba au ya mvua, ya kisima yabaki ya kuoshea. Mtungi mmoja wa kununua hurudisha pesa yake kwenye makaa yasiyoungua bure. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1. Ukiyatia, yawe ncha ya kijiko. Na tungule, ukwaju au ndimu visilisogelee sufuria mpaka mbaazi ziwe laini, maana uchachu hulikaza ganda.

Zikilainika, ndipo nazi. Chagua iliyokomaa, nzito mkononi, ukiitikisa usikie maji ndani. Ipasue, kaa juu ya mbuzi, uikune kwa kuizungusha kutoka ukingoni kwenda ndani, na ukiufikia ukahawia unaogusana na kifuu usimame, kwa sababu ukiukuna huo tui hubadilika rangi. Mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, ifikiche kwa vidole mpaka maji yawe meupe mazito, kisha kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ni tui zito; lifunike, liweke kando. Ongeza maji, fikicha tena, kamua tena, na mara ya tatu. Hilo ni tui jepesi, na ndilo la kupikia.

Kosa linalogharimu watu nazi mbili mahali pa moja ni kutia tui zito mapema. Likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini, mchuzi ukaonekana hauna kitu, na mpishi akakuna nazi ya pili. Tia tui jepesi kwanza pamoja na kitunguu kilichokatwakatwa, thomu iliyopondwa, manjano, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuka. Acha vichemke taratibu mpaka mchuzi upungue na kuanza kushikana. Hapo punguza moto, mimina tui zito, koroga kwa mwiko bila haraka, na likianza tu kutokota kingoni epua.

Ona kwamba hapo hakuna tone la mafuta ya kupikia. Nazi imekuwa mafuta, imekuwa mchuzi, imekuwa kiungo. Siku hizi nyumba nyingi hukaanga kitunguu na tungule kwa mafuta ya kupima, kisha zikatia tui juu yake, na zikadhani ndivyo mbaazi zinavyoungwa. Aliyefanya hivyo amelipia mafuta mara mbili kwa chungu kimoja. Katika ushauri wote wa kitabu hiki huu ndio ninaoupenda zaidi, maana hauhitaji mtu apunguze chochote alichozoea kula: chungu chenye nazi hakihitaji mafuta ya chupa. Chicha inayobaki, kama una kuku uani, ni chakula chao.

Kwa njia hiyo hiyo huungwa kunde, maharagwe, pojo, muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi na mchicha. Muhogo ununue ule mtamu, utoe mzizi wa katikati, uuchemshe sufuria ikiwa wazi mpaka uive kabisa, maana muhogo mbichi una sumu ambayo huondoka kwa maji na moto. Kisamvu nacho kitwangwe na kipikwe sana kwa sababu hiyo hiyo. Muhogo wa nazi wenye kichwa cha samaki ndani yake ni futari ya Ramadhani kwenye nyumba zenye uwezo, na hakuna sheria inayozuia uwe chakula cha jioni cha mwezi mwingine wowote.

Sasa moto.

Mtu akiuliza kwa nini familia maskini hazichemshi kunde zao zenyewe, jibu la haraka huwa ni uvivu au ujinga. Sikubali hata moja. Tazama yaliyopita. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda. Septemba mwaka huo huo mafuta ya taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita, kwa sababu walanguzi walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Julai 2021 gesi ya kupikia ikatozwa VAT ya asilimia 16, ambayo ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023. Katika muda usiotimia miaka 4, kila kitu ambacho maskini wa mjini angeweza kuwasha chini ya sufuria kiliguswa. Kila hatua ilikuwa na sababu zake. Lakini chungu cha maharagwe kikiwa motoni saa tatu, mama hahesabu sababu, anahesabu mkebe wa makaa, na akiona maharagwe yenyewe yana bei ndogo kuliko moto wake, hununua boflo na chipsi. Amepiga hesabu sawasawa.

Kwa hiyo mapishi ya bei nafuu ni mapishi ya moto mdogo. Kuroweka usiku kunapunguza sana muda wa kuchemsha, na hakugharimu kitu ila kukumbuka. Kufunika sufuria ni lazima. Baada ya hapo kuna jambo ambalo nyumba nyingi hulipuuza: maji yakishachemka hayaongezi joto. Yanayofurika na yanayotokota polepole yote yako kwenye nyuzi 100, na mbaazi haziivi haraka zaidi kwa kurushwarushwa. Tumia moto mkali mpaka mchemko wa kwanza, kisha punguza gesi hadi mahali pa mwisho, au ukiwa na makaa ziba mlango wa jiko. Jiko la makaa lenye ndani ya udongo, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko lile la bati tupu, na tofauti ya bei kati yao hujilipa upesi.

Iko njia nyingine ambayo ningependa kuiona katika kila ua wa Majengo, nayo ni kikapu. Tafuta kikapu kikubwa au ndoo pana, ukiwekee matambara, blanketi kuukuu na mto uliokwisha kazi, chini, pembeni na juu. Chemsha kunde zilizorowekwa kwa mchemko wa kweli dakika 20, sufuria ikiwa imefunikwa na imejaa vizuri, kisha itie kikapuni bila kuifunua na uizibe pande zote. Baada ya saa tatu au nne zimelainika bila moto wowote. Zikiwa bado ngumu katikati, zirudishe motoni dakika chache. Maharagwe, hasa mekundu, yana sharti: katika dakika hizo 20, lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kamili kabla ya kwenda kikapuni, kwa kuwa yana sumu yake ya asili ambayo joto dogo haliiondoi. Wali nao, maji yakishakauka, badala ya kupalia makaa juu ya mfuniko waweza kuumalizia kikapuni, na hauungui chini. Mama anayetoka asubuhi kwenda kuuza vitambaa au kufanya kazi ya nyumba za watu Kizingo au Nyali huacha sufuria kikapuni na kurudi akakuta imeiva, wala hakumwachia mtoto moto.

Ukichemsha kunde, chemsha za siku mbili. Zigawe kabla ya kuziunga: nusu ya leo iingie tui, nusu ya kesho ibaki kavu, maana katika joto la Mombasa tui huchacha upesi. Pasipo friji, hizo kavu zichemshwe tena usiku kabla ya kulala na tena asubuhi. Wali uwe mwangalifu nao zaidi. Wali wa mwiku ulioachwa vuguvugu usiku kucha huweza kuota vijidudu vinavyotoa sumu ambayo haifi kwa kupashwa moto, na watoto ndio hudhurika kwanza. Ni afadhali kupima mchele: robo tatu ya kilo kwa watu sita, wanne kati yao wakiwa watoto, na sufuria iishe.

Kuna pia chakula ambacho sikushauri ukipike nyumbani. Mahamri ni hivyo. Ukikanda unga wa kilo moja, ukatia tui, sukari, hamira na iliki, utahitaji mafuta mengi ya kuchovya, na mafuta yanayobaki kwenye karai ni pesa iliyokaa. Jirani anayekaanga mahamri ya mtaa mzima alfajiri ametumia moto mmoja na karai moja kwa nyumba thelathini. Nunua kwake, na mbaazi zitoke kwako. Siku ambazo hata hiyo ni ghali, chapati za maji zinatosha: unga, maji, chumvi au sukari, kitunguu ukipenda, na tone la mafuta la kupaka kwenye chuma. Wala usione haya kununua maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa sokoni siku ambayo gesi imekwisha. Kupika mwenyewe kuna maana pale tu kunapopunguza gharama au kunapoboresha chakula.

Kipimo ndicho kizito kuliko yote. Tuchukue mfano wa hesabu. Lita moja ya mafuta iwe shilingi 300, na dukani mafuta hayo yapimwe kwa kikombe cha mililita 50 kwa shilingi 20. Lita moja ina vikombe 20 vya namna hiyo. Anayenunua kikombe kila jioni amelipa 400 kwa lita. Shilingi 100 zimetoweka, naye hakuona zilipotoka, kwa sababu kila jioni alitoa 20 tu. Fanya hivyo kwa sukari, unga, majani ya chai, makaa na sabuni, na mwisho wa mwezi familia ile imepoteza chakula cha siku kadhaa bila mtu yeyote kuwaibia. Mwaka 1963 David Caplovitz alichapisha kitabu kuhusu familia za kipato cha chini mjini New York, akaonyesha kwamba wao ndio waliolipa zaidi kwa vitu vile vile. Ugonjwa huu, basi, hauko Mombasa peke yake. Tofauti ni kwamba hapa una historia tunayoijua kwa majina na tarehe.

Bandari ya Kilindini kwa miongo mingi iliendeshwa kwa vibarua wa siku. Aliyechaguliwa langoni asubuhi alipata ujira. Asiyechaguliwa alirudi chumbani alichopanga Majengo bila kitu. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939. Tarehe 13 Januari 1947 waligoma tena, watu wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wapishi wa majumbani, wakaunda African Workers' Federation iliyokuja kuongozwa na Chege Kibachia. Walichokidai kilihusu jikoni moja kwa moja: bei za vitu zilikuwa zimepanda wakati wa vita, kodi za vyumba zilikuwa zimepanda, na ujira haukutosha kulisha nyumba. Mwaka 1955 bandari iligoma kwa mara nyingine, na Tom Mboya akaja kushiriki mazungumzo. Migomo hiyo ilibadilisha mengi kazini, lakini ujira wa siku haukuisha mjini. Ulihamia kwenye mikokoteni, tuktuk, ujenzi na vibanda. Reli ya SGR ilipofunguliwa mwaka 2017 na mizigo kuanza kupelekwa moja kwa moja hadi bandari kavu ya Nairobi, kazi nyingi za malori na maghala zilipungua, na mwaka 2019 watu wa Mombasa waliandamana barabarani kwa sababu hiyo.

Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku. Kumwambia mtu huyo anunue kwa jumla ni kumkejeli. Wala ruzuku za msimu hazimfikii vizuri: Julai 2022 serikali ilitangaza pakiti ya unga wa kilo 2 ishuke kutoka shilingi 205 hadi 100, na katika maduka mengi unga wa bei hiyo haukuonekana. Mpango wenyewe ulidumu wiki chache, uchaguzi ukapita, ukaisha.

Njia ninayoiamini ni ya watu wachache kununua pamoja. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua mmoja tayari ina kila kitu kinachohitajika: watu wanaojuana, mahali pa kupimia, na macho ya kuangaliana. Wanawake wa Mombasa wanajua kucheza mchezo wa fedha. Huu ni mchezo wa chakula. Kila familia iweke kiasi kidogo kila jioni kwa mmoja wao, na zikitimia zinunue kitu kimoja kwa bei ya jumla, kigawanywe siku hiyo hiyo mbele ya wote. Kikigawanywa papo hapo hakuna ugomvi wa nani amechota. Msikope ili mnunue. Mkikopa kwa simu, riba itakula faida yote.

Nini kinunuliwe si jambo dogo katika mji wenye unyevu kama huu. Unga usianze. Unga wa mahindi huvundika upesi, na mahindi yenye unyevu huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Unga ununuliwe wa wiki, au mahindi makavu yasagwe kidogo kidogo. Mafuta, chumvi, mchele na kunde kavu ndivyo vya kununua pamoja. Kunde zianikwe juani kabla ya kuhifadhiwa, zitiwe kwenye madumu makavu yenye vifuniko vya kubana, na majani makavu ya mwarobaini yakiwekwa juu husaidia kuwafukuza fukusi.

Mboga na samaki haviwekwi akiba, kwa hiyo vina akili yake. Kongowea ni soko la jumla, na anayevuka daraja la Nyali kwa niaba ya familia nne hurudisha nauli yake kwenye kitunguu peke yake. Marikiti nenda jioni, wauzaji wanapotaka kufunga. Utasikia, "Mamangu, chukua mafungu mawili haya nikupunguzie," nawe jibu kwa adabu, "Mwanangu, niongeze na hizi zilizolainika, ni za mchuzi." Tungule laini si mbovu, ni tamu zaidi chunguni. Mchicha, mnavu, mchunga na majani ya kunde hupikwa kwa tui jepesi lililobaki, na ukikamulia ndimu mezani mwili hupata madini ya chuma kwa urahisi zaidi. Tia dagaa au omena humo, watoto wale na mifupa yake, ni chokaa ya mifupa yao.

Kwa samaki, fuata upepo. Kaskazi ikivuma, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia na soko la Mji wa Kale hujaa, na vichwa vya kolekole na nguru hupatikana kwa bei ambayo steki haiwezi kushindana nayo. Kichwa kimoja kikubwa kikipikwa kwa ukwaju na tui, na sima pembeni, kinalisha watu sita. Kusi ikiingia mashua nyingi hazitoki na bei hupanda. Miezi hiyo ni ya papa mkavu na ng'onda: kipande kidogo, kirowekwe chumvi itoke, kitiwe kwenye kunde za nazi, na chungu kizima kitanukia samaki. Anayelazimisha samaki mbichi wakati wa kusi analipia upepo.

Haya yote yanadai muda, na katika nyumba nyingi muda huo ni wa mwanamke mmoja, ambaye pia anatoka kutafuta riziki. Kuchagua kunde usiku, kukuna nazi, kubeba mtungi wa maji ni kazi ambazo mume na mtoto wa miaka kumi wanaziweza. Nyumba ambayo kazi hizo zote zimeachiwa mtu mmoja itarudi kwenye boflo na chipsi ndani ya mwezi, na lawama haitakuwa yake. Serikali ya kaunti nayo ina sehemu yake: maji ya bomba yakifika Majengo na Bondeni kila siku, kunde zitaiva kwa moto nusu. Hilo si la kuombwa kama fadhila.

Kwa upande wako, zungumza leo na majirani watatu unaowaamini. Anzeni na mafuta. Nunueni dumu moja la lita 20, kila nyumba ichukue lita 5, na fedha zitakazobaki mwezi huo ziwe za kununulia pojo mwezi unaofuata.